Mtaka cha Mvunguni

Somo: 2 Wafalme, sura ya 5



Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii twaitumia sana tunapomhimiza mtoto avumilie shida ya masomo, au kijana avumilie jua la shambani. Leo twaomba kuitumia kwa jambo lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni wokovu wetu, pamoja na amani inayotoka katika wokovu huo. Tunafanya hivyo kwa sababu tunaona kwamba nyumba nyingi za Wakristo hapa kwetu hazina amani. Katika nyumba hii yumo mgonjwa asiyepona. Katika ile kuna deni, au ugomvi wa shamba la minazi lililoachwa na marehemu. Wenye nyumba hizo wanaitafuta amani usiku na mchana. Husafiri mbali, hutoa fedha walizokopa, na wengine hurudi wakiwa na hofu kubwa kuliko ile waliyoondoka nayo.

Basi na tusome pamoja habari za Naamani. Aliye na Biblia karibu aifungue, maana sisi tutaisimulia kwa maneno yetu wenyewe.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mwenye heshima mbele ya mfalme wake, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani mwake alikuwamo binti mdogo, mateka aliyenyakuliwa kutoka nchi ya Israeli, akimtumikia mke wa jemadari. Siku moja binti huyo alimwambia bibi yake kwamba kule Samaria yuko nabii ambaye angeweza kumponya bwana. Naamani akafunga safari. Alichukua barua ya mfalme, fedha, dhahabu na mavazi ya thamani, akaenda na farasi na magari yake mpaka mlangoni pa Elisha. Nabii hakutoka hata kumtazama. Alimtuma mtu tu amwambie aende akaoge mara saba katika mto Yordani.

Jemadari alikasirika sana. Yeye alitazamia nabii atoke nje, asimame mbele yake, amwite Mungu wake kwa sauti na kupunga mkono juu ya ugonjwa. Tena akasema kwamba kwao Dameski iko mito mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Hasira yake si ngumu kuielewa. Ni kama mkubwa mmoja aje Tanga na msafara wa magari, kisha aambiwe akaoge Mkulumuzi. Naamani akageuka aende zake. Watumishi wake ndio waliomsihi: kama ungaliagizwa jambo zito ungalilifanya, mbona hili jepesi linakushinda? Naye akashuka. Akavua mavazi ya ujemadari, akajichovya mara saba, na ngozi yake ikawa kama ya mtoto mdogo.

Katika habari hii tutazame mambo manne.

NENO LILITOKA KWA ALIYE CHINI

Jambo la kwanza, mfalme wa Shamu hakujua dawa ilipo. Mfalme wa Israeli naye, alipopata ile barua, alirarua mavazi yake kwa hofu. Aliyejua alikuwa mtoto mateka, asiye na jina katika habari yote, aliyekuwa akifagia nyumba ya watu waliomteka.

Ndivyo pwani yetu nayo ilivyoletewa Injili. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walifika Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio walioanza shule ya Misioni ya Vyuo Vikuu kisiwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyetolewa utumwani, aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kupata daraja hilo. Kutoka chuo cha Kiungani vijana walitumwa bara wawe walimu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, mwaka huohuo msingi wa Kanisa Kuu uliwekwa mahali pale pale watu walipokuwa wakiuzwa. Kwa hiyo tunapojivunia imani yetu, tukumbuke kwamba miongoni mwa walioifundisha kwanza walikuwamo watu waliowahi kuhesabiwa kama bidhaa.

Mtu asije akasema kwamba Mungu aliupenda utumwa ili Injili ienee. Hasha. Kuteka mtoto ni dhambi, ilikuwa dhambi katika Shamu na ilikuwa dhambi katika njia ya misafara iliyokuja mpaka Pangani. Tena unyenyekevu si unyonge. Yule binti hakunyamaza. Alisema alilolijua, na neno lake likamwinua jemadari kitini. Mnyenyekevu hujua kwamba ukweli alio nao si mali yake, ni wa Mungu, kwa hiyo hausemi kwa kiburi wala hauzuii kwa woga.

Hapa lipo swali linalotuhusu sisi tuliomo mjini. Katika nyumba nyingi za Tanga wamo mabinti wa kazi walioletwa kutoka vijijini, kutoka milima ya Usambara, kutoka Handeni na kwingineko. Wanaamka kabla ya adhana na kulala baada ya watu wote. Naamani, mpagani, alisikiliza neno la binti wa kazi wa nyumbani mwake, akalifuata hata nchi ya kigeni. Je, sisi tuliobatizwa tunajua jina la mama wa yule anayetupikia? Anakuja nasi kanisani, au anabaki kulinda nyumba? Mshahara wake tunampa kwa wakati? Huenda neno la wokovu wetu limo kinywani mwake, nasi hatujampa nafasi ya kulisema.

KIBURI HUTAKA JAMBO KUBWA

Jambo la pili ni ile hasira ya Naamani. Ugonjwa ulikuwa wa ngozi, lakini wa kutisha zaidi ulikuwa ndani. Alikuwa tayari kulipa, tayari kusafiri, tayari kuvumilia maumivu, ili mradi jambo lenyewe liwe kubwa kama yeye. Kuambiwa aoge kama watu wengine ndiko kulikomchoma.

Sisi tuliotumia miaka mingi kuwafundisha walimu tunalijua jambo hili kwa njia ya chuoni. Mwanachuo hodari wa vitabu hupelekwa kufanya mazoezi katika darasa la kwanza. Hutaka kusema maneno makubwa, na watoto humtazama tu. Siku anayokubali kuinama kwenye dawati, akaushika mkono wa mtoto na kuandika naye herufi moja, siku hiyo ndipo anapoanza kuwa mwalimu. Elimu yake yote ya juu haikumsaidia mpaka aliposhuka.

Mji wetu nao umeona jinsi ukubwa unavyodanganya. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka India, wakawashusha Ras Kasone. Waliokuwa wakiulinda mji upande wa Wajerumani walikuwa kiasi cha 1,000 tu. Watu wengi wangalisema vita vimekwisha kabla ya kuanza. Lakini siku chache baadaye wale wengi walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Wazee walipenda kusimulia juu ya nyuki waliotoka mizingani wakati wa mapigano, nao hawakuuliza mtu ni wa bendera gani, wakawauma wa pande zote mbili. Wala walioshinda hawakupata cha kujivunia kwa muda mrefu, kwa kuwa mwezi wa Julai 1916 mji ulitoka mikononi mwao. Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 20, alikwisha kutuonya juu ya watu wanaotegemea magari na farasi.

Pengine sisi hatuna majeshi, lakini tunayo magari na farasi ya namna yetu. Chukueni mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea mpaka Korogwe na kupita, na kufika mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Watu waliuita dhahabu ya kijani. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakaingia magugu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kiasi cha tani 20,000 tu. Mkonge wenyewe haukuwa na kosa. Ulilisha watu na kusomesha watoto, na tunamshukuru Mungu kwamba umeanza kuinuka tena. Lakini yule aliyeufanya kuwa mwamba wa maisha yake, bei ilipoanguka moyo wake ulianguka nayo. Vivyo hivyo kwa mwenye kutegemea cheo, au watoto walioko Dar es Salaam, au afya yake mwenyewe. Vitu hivi ni vyema kuwa navyo, ila haviwezi kuubeba uzito wa roho ya mtu.

MAJI YA YORDANI HAYAUZWI

Jambo la tatu liko mwishoni mwa sura, na wengi hawafiki huko. Naamani alipopona alirudi kwa Elisha na zawadi zake. Elisha akakataa, akaapa kwamba hatapokea kitu. Lakini mtumishi wake, Gehazi, aliona fedha zikiondoka, akamkimbilia jemadari barabarani, akatunga uongo na kupokea talanta mbili za fedha na mavazi. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Ndugu, Gehazi hajafa. Siku hizi yupo anayeuza maji, anayeuza mafuta, anayeuza kitambaa, anayemwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba mtoto haponi kwa sababu sadaka haijatosha. Mama huyo anauza mbuzi, kisha cherehani, mwisho anauza na bati za jikoni. Anarudi nyumbani bila bati na bila mtoto, tena ameachiwa neno baya kuliko msiba wenyewe, kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Twasema wazi katika ukurasa huu: huo si unyenyekevu mbele ya Mungu, ni hofu iliyogeuzwa kuwa biashara. Elisha alikataa fedha ili Naamani ajue kwamba Mungu aliyemponya hana deni la mtu.

Wengine watauliza juu ya mwaka 2011, maelfu ya watu waliposafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mmoja mstaafu kwa shilingi 500. Watasema, je, jambo hilo halikuwa jepesi kama Yordani? Hatumhukumu mzee yule, wala hatuwacheki waliokwenda, maana mgonjwa hushika chochote. Lakini wako waliotoka vitandani hospitalini wakafia njiani, na wako walioacha dawa zao wakidhani wamekwisha kupona. Naamani hakuambiwa aache dawa iliyokuwa ikimtibu, hakuwa nayo. Sisi tunazo. Mwenye kisukari anayekunywa dawa yake kila siku, mwenye kifua kikuu anayemaliza miezi yake yote, mwenye virusi asiyekosa siku ya kliniki, hao nao wanajichovya mara saba. Ni jambo dogo, halina kelele, linachosha, na lataka unyenyekevu. Kumwamini Mungu na kumeza kidonge havigombani. Misioni yetu haikuona ugomvi huo, ndiyo maana Magila na Muheza kanisa na hospitali vilikwenda pamoja.

Na sasa tufike kwenye kiini. Mto ule aliokasirikia Naamani, miaka mingi baadaye alishuka ndani yake Mwingine. Bwana wetu Yesu Kristo, asiye na ukoma wa dhambi hata doa moja, alisimama katika mstari wa wenye dhambi, akangoja zamu yake, akabatizwa na Yohana. Yohana mwenyewe alitaka kumzuia. Usiku wa mwisho akajifunga kitambaa, akainama miguuni pa wanafunzi, na Petro naye akataka kumzuia. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anaifuata njia hiyo ya kushuka mpaka msalabani. Kwa hiyo methali yetu ina maana ambayo wazee huenda hawakuifikiria: aliyeinama kwanza ni Mungu. Kilichokuwa mvunguni, mavumbini, gizani, ni sisi, na Yeye alitutaka. Sisi tukiinama sasa, hatuinami ili tumvute aje. Tunainama kwa sababu huko chini ndiko alikokwisha kufika, na huko ndiko tunakomkuta.

NA YULE ASIYEPONA?

Jambo la nne ni gumu, wala si haki kulipita kimya. Naamani alirudi kwao mzima. Lakini yule binti? Maandiko hayasemi kwamba aliachiliwa. Hayasemi kwamba alimwona mama yake tena. Wako wengi kati yetu walio kama yeye, waliowaombea wengine wakapona na wenyewe wakabaki na mzigo wao. Paulo Mtume aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na alichopewa ni neema ya kuuchukua.

Tunapotafuta mfano wa karibu tunawakumbuka walimu na mapadre wenyeji wa Bonde wakati wa vita ile ya 1914. Serikali ya Kijerumani iliwakamata wamisionari Waingereza na kuwafungia bara, na makanisa yakabaki mikononi mwa wenyeji. Walipiga kengele, walifundisha, walizika, waliwasomea watu sala. Kisha wengi wao nao walikamatwa kwa kudhaniwa kuwa ni rafiki za adui, wakafungwa, wakapigwa, wakapelekwa mbali na nyumba zao, na wengine walikufa kifungoni. Hakuna aliyewapungia mkono juu ya minyororo yao ikakatika. Lakini vita ilipokwisha kupita, Kanisa la Bonde lilikuwapo bado, watu wakisali. Kama imani yao ingalikuwa biashara, kwamba nikupe sala nawe unipe raha, ingalikwisha katika mwezi wa kwanza wa kifungo.

Tunamkumbuka pia Askofu Frank Weston. Mwaka 1923 alisimama mbele ya mkutano mkubwa London, na maneno yake yalivuma ulimwenguni, kwamba haifai kumwabudu Yesu katika Sakramenti na kumpita Yesu katika maskini. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba 1924, hakufa London wala katika jumba la fahari. Alifia Hegongo, kati ya watu wa Bonde, katika maisha ya kawaida aliyoyachagua.

Hiyo ndiyo amani ambayo Bwana aliwaahidi wanafunzi wake, akawaambia kwamba haifanani na ile ya ulimwengu. Amani ya ulimwengu hungoja homa ipoe, deni lilipwe na kesi ya shamba ikatwe. Amani ya Kristo huja kabla ya hayo, na wakati mwingine huja bila hayo. Ni kama jahazi wakati wa kusi. Nahodha hawezi kuukemea upepo, lakini nanga ikishika mwamba, abiria hulala.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, hatutaki uumalize ukurasa huu na kuukunja tu. Twapendekeza mambo mepesi, yasiyo na gharama, ambayo kila mtu wa mtaa wetu anaweza kuyafanya kabla ya Jumapili ijayo.

Usiku wa leo piga magoti kando ya kitanda, hata kama magoti yanauma. Mzee asiyeweza, na akae ainamishe kichwa. Mtajie Mungu dhambi moja kwa jina lake, bila kuipamba. Kama inakulemea, nenda kwa padre ukaungame; mlango upo wazi wala hauna ada.

Kesho mwendee yule ndugu mnayegombea minazi. Usianze na hoja za mahakamani. Anza na salamu, na kama una neno la kuomba radhi, liseme kwanza.

Mgonjwa na ameze dawa zake, na tumwombee bila kumpimia imani. Anayeuguza na asiachwe peke yake. Kina mama wa mtaa wapangiane zamu kama walivyokuwa wakifanya siku zote.

Mwite binti wa kazi, mketishe, muulize habari za kwao. Jumapili mje naye.

Haya ni madogo, na mtu aliye na barua ya mfalme mfukoni anaweza kuyadharau. Lakini Yordani nayo ilikuwa mto tu.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeshuka mpaka tulipokuwa, ututoe katika kiburi kinachotaka makubwa, na katika hofu inayonunua visivyouzwa. Uwaponye wagonjwa wetu kama upendavyo, na wale wasiopona uwape amani yako. Uwakumbuke walimu wetu na mapadre waliotutangulia, uwaangazie nuru ya milele. Utufundishe kuinama, ili tukuone. Amina.